Uzoefu wangu na DVDStyler: vipindi 8 kwa deki ya mama

Mama yangu yuko Tanga na hatumii simu ya kisasa. Anachokitegemea kila jioni ni deki yake ya DVD ya siku nyingi. Nilipotaka apate vipindi 8 vya darsa la tafsiri ya Qurani nilivyokuwa navyo kwenye kompyuta, nilivipeleka kwanza kwenye duka la kuchomea diski, ambako walivinakili vilevile vilivyo, mafaili ya MP4 matupu. Deki ilizungusha diski ile kwa muda, kisha ikaitema.

Baadaye nilielewa kwamba deki za aina hiyo husoma video ya MPEG-2, muundo wa video unaotumika kwenye DVD, iliyopangwa ndani ya folda ya VIDEO_TS, kwa hiyo faili la MP4 lazima ligeuzwe kwanza, si kunakiliwa tu. Kazi hiyo nimeifanya kwa DVDStyler, programu ya bure inayotumika kwenye Windows, Mac na Linux, nayo imeniridhisha sana. Unaburuta mafaili yako hadi kwenye dirisha lake, unachagua PAL, ambao ndio mfumo wa televisheni zetu, unatengeneza menyu, na programu yenyewe inageuza kila kitu.

Jambo lililonichukua muda ni ubora wa picha. Kila kipindi kina dakika 28, na kwa kuwa DVD ya kawaida ina GB 4.7, nilivibana vyote 8 kwenye diski moja. Vilienea, lakini kila sekunde ya video ilibakiwa na takribani megabiti 2.6 tu, na maandishi ya aya yaliyopita chini ya picha yakavunjikavunjika hata yasisomeke. Kwa darsa la tafsiri, aya isiyosomeka ni hasara kubwa. Niligawa vipindi 4 kwa kila diski, kiwango kikapanda karibu maradufu, na herufi zikarudi kuwa safi, irabu zake zikionekana moja moja. Ushauri wangu kwa mwenye vipindi vingi ni kwamba asionee diski uchungu. Saa 2 kwa kila moja zinatosha.

Menyu niliiandika kwa herufi kubwa, kwa kuwa mama anavaa miwani, nikaagiza kwamba kipindi kimoja kikiisha kinachofuata kianze chenyewe, asilazimike kutafuta rimoti. Kabla ya kuchoma nilihifadhi kazi yote kama faili la ISO, yaani nakala kamili ya diski ndani ya faili moja, na kulifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, na humo nikagundua kwamba kitufe cha kipindi cha 3 kilikuwa kinafungua cha 2, kosa nililolifanya mwenyewe na kulirekebisha bila kuharibu diski hata moja. Kompyuta yangu ni ya zamani, hivyo ugeuzaji ulichukua zaidi ya saa 1 kwa kila diski. Nilichoma kwa kasi ndogo ya 4x, na safari hii deki ya Tanga ilizipokea zote mbili, menyu ikatokea, na mama akachagua kipindi cha kwanza mwenyewe.