RX 6600 ya mtumba: inunue, lakini usiikimbize

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Hii hapa mezani ni Radeon RX 6600, kadi ya grafiksi niliyoinunua mtumba. Swali lenu la kila wiki ni lile lile: nichukue hii au GeForce RTX 3060, halafu niiovakloki, yaani niipandishe kasi kuliko ilivyotoka kiwandani?

Kabla ya kadi, tuanze na pawasaplai, kile kifaa kinachoigawia kompyuta umeme. Fungua kasha la kompyuta, soma kibandiko chake. RX 6600 inakula wati 132, RTX 3060 inafika 170. Zile kompyuta za ofisini tunazozinunua mtumba hapa Dar, nyingi hazina hata waya wa pini 8 wa kuipa kadi umeme. Tafadhali usikubali uungiwe kutoka kwenye waya wa diski, haukutengenezwa kwa mzigo huo. Nimeshashika plagi iliyoyeyuka, na sitaki ikukute.

Pawasaplai ikitosha, jiulize kazi yako. Ukihariri video au ukitengeneza picha za 3D kwa Blender, chukua 3060, maana ina kumbukumbu ya GB 12 na programu nyingi za kazi zinaipenda CUDA, teknolojia ya NVIDIA iliyomo kwenye kadi za GeForce. Ila kuwa macho, kuna 3060 ya GB 8 pia, na njia yake ya kumbukumbu ni biti 128 badala ya 192. Jina lile lile, kadi dhaifu zaidi. Mwambie muuzaji aiwashe uone mwenyewe. Kwa gemu peke yake, kwenye skrini ya 1080p, 6600 inakutosha kabisa.

Na mtumba wenyewe? Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiksi Septemba 2022, kadi nyingi za wachimbaji ziliingia sokoni. Si zote mbovu. Zungusha feni kwa kidole, sikiliza kama zinakwaruza, kisha omba ucheze gemu zito dakika 20 pale pale dukani. Akikataa, ondoka.

Sasa kuovakloki. Nimeipandisha hii mpaka ikaanza kukwama, nikarudi nyuma kidogo. Kutoka fremu 71 kwa sekunde nikafika 74. Fremu 3 tu! Chumba changu mchana kina nyuzi 31, feni zikavuma mpaka mama akauliza kuna nini. Hiyo biashara hailipi.

Kilicholipa ni kinyume chake. Ndani ya Adrenalin, programu ya AMD wenye kadi za Radeon, nimeshusha volteji kutoka milivolti 1150 hadi 1070. Fremu hazikupungua, joto limeshuka nyuzi 6, na kelele imeisha. Kwa joto letu la pwani, hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Usinakili namba yangu, kila kadi na uwezo wake. Shusha milivolti 20, cheza saa nzima, shusha tena 20. Gemu likijifunga au skrini ikizima, panda hatua moja juu na uiache hapo.