Gmail na Calendar kwenye ofisi ya mheshimiwa, nyota nne

Mimi ni msaidizi wa mwanasiasa mmoja mkubwa, jina tuliache, kazi yangu ni barua zake, ratiba yake na kila neno linalotoka kwa jina lake. Zamani tulikuwa watu wanne tunajua paswedi moja, ikitoka barua mbovu kila mtu anaangalia dari. Ndo tukahamia utaratibu wa maana wa Google: Gmail ya barua pepe, Calendar ya ratiba na Docs ya kuandikia nyaraka.

Kilichonifurahisha zaidi ni ile sehemu ya Gmail ya kumruhusu mtu mwingine ashughulikie barua zako. Bosi anakuongeza, unaingia kwa akaunti yako mwenyewe, unasoma, unajibu, unafuta, lakini paswedi yake huijui wala huwezi kuibadilisha. Na kwenye mipangilio mnachagua mpokeaji aone jina la bosi tu au aone na aliyetuma. Sisi tumeacha vyote vionekane, mtu kaandika shida yake kwa machozi halafu umjibu ukijifanya ndo mheshimiwa mwenyewe, siku wakikutana uso kwa uso bosi hajui hata anaulizwa nini, aibu hiyo nani anaibeba? Violezo vya majibu navyo vipo, vinafaa sana kwa mialiko. Rambirambi hapana jamani, hizo kaa chini uandike, wafiwa wanajua.

Halafu ile ya kurudisha barua uliyokwisha kutuma, muda wa kuirudisha unaanzia sekunde 5, upandishe mpaka 30 leo leo. Mimi nilibonyeza tuma kwa waandishi wa habari kumbe nimeambatisha rasimu yenye maneno ya bosi pembeni "hili swali tulikwepe vipi", nikairudisha mikono inatetemeka. Kosa langu, sikufungua faili kuangalia. Siku hizi taarifa zote zinaandikwa Docs, wanaotaka kurekebisha wanaweka mapendekezo tu, historia inaonyesha nani kagusa sentensi gani na saa ngapi, na anayetoa nakala ya mwisho ni mtu mmoja. Mkiwa wawili tu tayari matamko mawili yanapishana hewani.

Calendar ni nzuri ila iwe na adabu. Mahali alipo bosi na saa ngapi ni suala la usalama, kwa hiyo wengi tumewapa kuona "ana shughuli" basi, maelezo kamili wanaona dereva, walinzi na mimi. Pia ukiweka vikao viwili kwa wakati mmoja inapokea vyote bila kukukatalia, hilo nimelijua kwa kumkalisha mgeni mapokezi saa nzima. Sasa kati ya kikao na kikao naacha dakika 20 tupu maana bosi hapiti mlangoni bila kusalimia watu.

Nyota ya 5 nimeibana kwa sababu mheshimiwa bado anagawa miadi kwenye korido, "njoo Alhamisi tuongee", na mimi namjua huyo mgeni Alhamisi yenyewe.