Utu uzima: miaka au hatua za maisha?

Umri una sifa moja isiyopingika: ni rahisi kuuthibitisha. Cheti cha kuzaliwa hakibishani na mtu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unamtaja mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, na sheria ya kupiga kura haiwezi kungoja kila mtu apimwe tabia. Ila mstari huo huchorwa na watu, tena husogezwa. Uingereza iliushusha kutoka 21 hadi 18 mwaka 1970, Japani kutoka 20 hadi 18 mwaka 2022. Sidhani kuna aliyeamka siku hiyo akiwa na busara zaidi.

Hatua za maisha husema mengi: kazi ya kwanza, kodi ya nyumba, ndoa, mtoto, kumzika mzazi. Hiyo ya mwisho, kwa maoni yangu, hukomaza kuliko zote. Tatizo ni kwamba nyingine hutegemea kipato na bahati. Aliyekosa ajira si mtoto, wala asiyetaka kuoa. Na wapo waliooa, wakazaa, na bado mama ndiye anayewalipia madeni. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett, aliyeandika mwaka 2000 kuhusu kipindi cha miaka 18 hadi 25, alikuta vijana wenyewe wakitaja kwanza kuwajibika na kujiamulia mambo, si harusi.

Mimi ningeiachia sheria umri wake. Lakini nikitafuta mtu wa kumwachia watoto wangu, nitatazama anavyofanya akikosea: anakiri, au anatafuta wa kumsingizia?