Spana malaya ya inchi 10 niliyonunua Mwanjelwa: uzoefu wangu

Mimi ni fundi bomba, kazi zangu nyingi ziko Uyole, hapa Mbeya, na mitaa ya karibu. Spana ninayoizungumzia ni malaya, yaani ile ambayo mdomo wake unaupanua na kuupunguza kufuata nati, ya inchi 10 yenye mpini wa raba, nimeinunua Mwanjelwa kwa Sh 18,000. Za nusu ya bei hiyo zimejaa kwenye meza za nje, na tofauti unaijua kabla hujalipa: fungua mdomo nusu, shika lile taya linalotembea, litikise. La hii linacheza kidogo sana. Niliyokuwa nayo zamani taya lilikuwa linayumba, ukiweka nguvu linarudi nyuma lenyewe, na nati ya shaba ya geti valvu (ile ya kufungia maji) inaliwa pembe zote sita huku mwenye nyumba amesimama anakutazama.

Muundo wenyewe ni wa zamani. Johan Petter Johansson wa Sweden alipata hataza yake (haki ya mvumbuzi) mwaka 1892, na kile kigurudumu cha kuzungusha kwa kidole gumba kipo vilevile. Kwa hiyo pesa unayoongeza inaenda kwenye chuma na ukatwaji wa ile njia ya taya, basi.

Inchi 10 ni urefu wa spana, siyo mdomo. Mdomo unafunguka karibu milimita 30, nati ya milimita 24 inaingia na nafasi inabaki. Ya inchi 12 inafunguka zaidi, ila chini ya sinki haina pa kuzungukia.

Vijana wengi wanaishika kinyume. Taya lisilotembea ndilo libebe mzigo, kwa hiyo vuta mpini kuelekea upande wa lile linalotembea. Kama nafasi hairuhusu, geuza spana. Na ukishakaza kigurudumu, tikisa kidogo juu ya nati halafu kaza tena. Utashangaa kilivyokuwa bado kimelegea.

Bomba la chuma lenyewe usiliguse nayo, itateleza tu. Hapo ni paipu renchi: mdomo wake una meno, na taya lake limeachwa lichezecheze makusudi ili kadiri unavyovuta ndivyo linavyong'ata. Meno hayohayo yakipita kwenye nati ya kromu ya bomba la sinki, umenunua bomba jipya. Nati iliyokwisha kuliwa pembe naiachia plaizi ya kujifunga, malaya haina msaada tena.

Mpini wa raba niliudharau dukani, lakini asubuhi za Juni na Julai za huku kwetu, kushika chuma kitupu halafu maji ya bomba yanakumwagikia mkononi, ni adhabu. Kasoro ni kwamba raba hiyo ikilowa greisi inaanza kuzunguka kwenye mpini. Yangu nimeiviringishia tepu nyeusi ya umeme, imetulia.