TAHADHARI: Niliuziwa ghorofa ya nane kwenye jengo lenye kibali cha ghorofa sita

Ndugu zangu, hasa nyinyi mlio nje mnaotuma pesa nyumbani kununua apatimenti zinazouzwa kabla hazijajengwa, someni haya mpaka mwisho. Nimelipa shilingi milioni 81, na nilicholipia hakipo na hakitakuwepo.

Mimi nauza vitenge Kariakoo, huu mwaka wa kumi na tisa. Mdogo wangu yuko Muscat, anaendesha gari. Tulikubaliana tuchange tununue apatimenti ya vyumba viwili karibu na duka, mama apate pa kufikia akija kliniki Muhimbili, na baadaye tupangishe.

Jengo ni la mtindo ulioenea sasa katikati ya Dar: chini fremu za maduka, juu yake ofisi, kisha makazi, na chini ya ardhi maegesho. Mwenye kiwanja anatoa ardhi, mwenye mtaji anajenga, wanagawana ghorofa. Wengi wamefanya ubia wa namna hiyo kwa haki na watu wanaishi humo kwa amani. Huyu wetu simtaji, maana shauri liko polisi na wakili ametuomba tusitaje jina. Njia aliyotumia nitaieleza yote, kwa sababu bado anauza.

Nilipelekwa na dalali. "Mama yangu, wahi, za ghorofa ya nane zimebaki mbili tu, mwezi ujao bei inapanda." Ofisini kwao kulikuwa na kijumba cha mfano juu ya meza, kina taa ndogo ndani, na pembeni wamejenga jiko la maonyesho. Nikavuta droo ya lile jiko, ikarudi yenyewe taratibu bila kugonga. Binti wa mauzo akaniambia, "Hivi ndivyo lako litakavyokuwa, mama." Bei milioni 180. Asilimia 30 unaanza nayo, yaani milioni 54, kisha milioni 3 kila mwezi.

Hapo tayari kulikuwa na mambo mawili ya kunishtua, na mimi mfanyabiashara nilipaswa kushtuka. Pesa ilielekezwa kwenye akaunti ya jina la mtu binafsi wakati mkataba una jina la kampuni. Na stakabadhi walizonipa ni za kitabu cha kuandika kwa mkono, hakuna hata moja ya EFD. Dukani kwangu siwezi kuuza kitenge bila risiti ya mashine, halafu nikapokea karatasi ya kalamu kwa milioni 54.

Mwezi wa tisa nilikwenda saiti bila kuwaambia. Nilipanda ngazi za zege mpaka juu kabisa, zege la ghorofa ya sita limeshakauka. Kila jengo linalopanda, nondo za nguzo huachwa zimechomoza juu ya zege ili ghorofa inayofuata iungwe hapo. Pale zilikuwa zimekatwa usawa wa sakafu na kufunikwa zege, nguzo zote. Mafundi walikuwa wanajenga ukuta mfupi wa pembeni. Nikamuuliza kijana wa nondo, "Mwanangu, ya saba mnaanza lini?" Akanitazama kwa huruma. "Mama, sisi tumeambiwa tunaishia hapa. Kesho kutwa linapandishwa tenki la maji."

Kesho yake nilikwenda Jiji na namba ya kiwanja na kitalu. Kibali cha ujenzi kinasema ghorofa ya chini na sita juu yake, basi. Nilipowauliza wauzaji wakanijibu kwamba kibali cha nyongeza kiko njiani. Jibu hilo ndilo lililonitisha kuliko wizi wenyewe. Mpwa wangu ni mhandisi, akanipigia hesabu kwenye kipande cha boksi: mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa karibu tani 2.4. Sakafu ya mita za mraba 300 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 45, yaani tani 108. Hizo ni za sakafu moja tu, hujaweka kuta, vigae wala watu. Msingi na nguzo za chini hupigiwa hesabu ya mzigo wote wa juu tangu mwanzo. Ukishamwaga msingi wa ghorofa sita, karatasi ya nyongeza haiongezi nondo zilizo ardhini.

Na mji huu umeshazika watu kwa ajili ya hayo. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, watu 36 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo la maduka hapa hapa Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Tulisikia sauti za watu chini ya kifusi. Kwa hiyo mtu akiniambia ataongeza ghorofa mbili juu ya jengo lililokwisha, siwezi kuliona kama suala la pesa yangu peke yake.

Nikafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hati iko kwa jina la mwenye kiwanja, na juu yake kuna rehani ya benki iliyosajiliwa miezi minne kabla sijalipa shilingi ya kwanza. Hata waliouziwa ghorofa zilizopo wako hatarini. Maegesho niliyoahidiwa nayo yamejengwa kuta za tofali, yamekuwa stoo za wenye fremu waliokwisha kulipa kilemba, ile pesa ya kuingilia fremu.

Hili la hati wengi hawalijui. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inaruhusu kila mwenye apatimenti awe na hati yake ndani ya jengo moja. Lakini hati hiyo hutoka baada ya ramani ya sehemu zote kupimwa, kuidhinishwa na kusajiliwa. Kabla ya hapo, ulicho nacho mkononi ni mkataba tu, na mkataba una nguvu ya aliyeusaini. Jengo la maduka na makazi linahitaji ramani hiyo kuliko jengo lolote, kwa sababu ndiyo inayosema lifti ni ya nani, paa ni la nani, na nani analipia jenereta umeme ukikatika. Ukiuliza wakakujibu "hayo tutayapanga mkishahamia", ondoka.

Bango la saiti lisome kwa macho yako. Linatakiwa kuonyesha mkandarasi, mbunifu majengo na mhandisi. Chukua majina, yapeleke kwenye bodi zao: makandarasi wako CRB, wabunifu na wakadiriaji AQRB, wahandisi ERB. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina kiwango cha juu cha gharama ya kazi inayoruhusiwa kuchukua. Wetu alisajiliwa kweli, ila kwa daraja la chini kabisa. Omba pia majibu ya vipimo vya nguvu ya zege, vya siku 7 na siku 28 tangu limwagwe. Mjenzi mwaminifu anayo kwenye faili na hachukii kuulizwa. Mdogo wangu alipoomba kwa simu kutoka Muscat, walimzuia namba.

Mpaka sasa tumejuana wanunuzi kumi na mmoja. Apatimenti yangu iliuzwa kwa watu wawili, mwenzangu ni mwalimu mstaafu aliyeweka kiinua mgongo chake chote. Waliandika hundi moja ya kunirudishia milioni 20, ikarudi benki haina pesa. Ofisi ya mauzo imehama, lakini dalali yule yule bado anapita madukani na picha za jengo hilo.

Kama ulilipia ghorofa ya saba au ya nane katika jengo la namna hii Kariakoo, nitumie ujumbe wa faragha, tukuunganishe na wakili. Wameanza kuwapigia watu simu wapeleke stakabadhi za awali "zibadilishwe ziwe za kompyuta". Usizipeleke. Wawili wetu walizitoa, na leo hawana cha kuonyesha polisi.