Mora Companion: kisu cha mtu ambaye panga analo tayari

Wageni wangu wengi wanatoka Dar. Wanashuka stendi ya Msamvu, Morogoro, Ijumaa jioni na mabegi mapya, hema bado lina lebo ya dukani, na karibu kila kundi lina kijana mmoja mwenye kisu kinachoning'inia kiunoni mpaka katikati ya paja. Mgongo wa kisu una meno ya msumeno. Mpini una uwazi ndani, na kifuniko chake kina dira. Ukifungua unakuta ndoano, uzi na njiti chache za kibiriti. Vinauzwa Kariakoo, na kwa macho ni visu haswa. Nawaambia wavitie kwenye begi, tukifika kambini nawaazima changu. Changu, hiki Mora Companion, ubapa wake hauzidi urefu wa kiganja, mpini ni plastiki na raba, na ala yake ya plastiki utadhani ni ya kuchezea mtoto. Ndicho nitakachokieleza hapa, maana swali la "mama, tununue kisu gani?" naulizwa kila safari, tena tukiwa kwenye mpando, pumzi hakuna.

Kazi yangu ni kupeleka watu milima ya Uluguru. Wanaotaka kulala usiku mmoja na kurudi nawapeleka Morningside, wenye magoti mazima nawapandisha kilele cha Lupanga, na mara mojamoja tunakwenda Udzungwa au ufukweni Saadani. Kiongozi ni mimi, mpishi ni mimi, na mtoa miba ni mimi. Kisu changu kinamenya magimbi, kinapaa perege, kinakata kamba za turubai, kinachonga vigingi vya yule aliyesahau vyake nyumbani, na asubuhi ya mvua kinatafuta ukavu ndani ya ukuni uliolowa. Kukata mti hakimo. Kazi hiyo ni ya panga, na ndani ya hifadhi hata panga haliruhusiwi kugusa mti.

Hapo ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotupoteza. Unaandikwa na watu wa nchi ambazo panga si chombo cha kila nyumba, kwa hiyo wanataka kisu kimoja kifanye yote: kifyeke, kipasue gogo, kichimbe, na dubu akija kipigane naye. Ndiyo maana wanaishia kwenye mavisu ya milimita 6 unene. Hebu jaribu kumenya kitunguu kwa kitu hicho! Kitunguu hakikatwi, kinapasuka. Sisi panga tunalo, limekaa nyuma ya mlango, na linafyeka kuliko kisu chochote cha bei mbaya. Ukishaondoa kazi za panga, zinazobaki ni kazi za vidole, na vidole vinataka kitu chembamba.

Mora ni mji mdogo wa Sweden, katika jimbo la Dalarna, na visu vya huko vina historia ndefu. Kampuni ya Morakniv yenyewe inahesabu mwanzo wake mwaka 1891, katika kijiji cha Östnor nje kidogo ya mji huo. Companion ni kisu chao cha bei ya chini, cha fundi seremala, mvuvi na mkulima. Ubapa una sentimita 10 na nusu hivi, na hiki changu cha stenlesi kina unene wa milimita 2.5. Hakikunji, na hilo kwangu ni sharti. Kisu cha kukunja kikiingia mafuta ya samaki na mchanga kwenye bawaba, usiku mzima unakichokoa kwa kijiti, na siku kikikufungia vidoleni ndipo utajua kwa nini nakikataa.

Twende kwenye mvua, maana Uluguru ni mvua. Masika yakichanganya, hata kuni tulizonunua kwa wenyeji njiani zinafika kambini zimeloa. Unachofanya ni hivi. Chagua ukuni wa unene wa kifundo cha mkono, usio na fundo, ulionyooka. Usimamishe juu ya gogo au jiwe bapa. Weka makali katikati ya kichwa chake, kisha gonga mgongo wa kisu kwa gongo. Ukigonga mara mbili tatu ufa unatangulia mbele ya ubapa, na ukuni unaachana wenyewe. Pasua tena vipande viwe vinne, halafu vinane, na humo ndani utakuta mti mweupe, mkavu, wenye harufu. Sasa shika kipande kimoja, laza kisu karibu sambamba na mti, sukuma taratibu kuelekea chini. Maranda yanajikunja mbele ya makali, membamba kiasi cha mwanga kupenya, na usiyakate yote, yaache yashikilie kwenye kijiti. Vijiti vitano vya namna hiyo na njiti moja ya kibiriti, chai ipo.

Companion inafanya hivyo vizuri kuliko visu vya bei mara nne yake nilivyowahi kushika, na sababu ni umbo la makali. Visu vingi vina miteremko miwili: mteremko mpana, halafu ukingo mdogo wa pili mwishoni. Hiki kina mteremko mmoja tu, ulionyooka kutoka kwenye ubapa hadi kwenye makali yenyewe. Ukiulaza juu ya mti, mteremko ule unakuongoza. Unajua kabisa chuma kinaingia kwa pembe gani, mkono hauhitaji kubahatisha.

Umbo hilohilo ndilo linalorahisisha kunoa, na hapa ndipo ninapowashinda vijana. Weka mteremko wote juu ya kinoo, ubonyeze kwa vidole viwili mpaka maji yatoke pembeni, sukuma. Ukiinua mgongo hata kidogo utasikia sauti inabadilika. Huna kinoo kizuri? Chukua msasa wa maji, namba 400 kisha 1000, ubandike kwenye kipande cha mbao au kioo. Malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume kwenye mkanda wa ngozi. Mtoto wa darasa la sita anafundishika jioni moja. Nimewafundisha skauti wa shule moja ya hapa mjini, na sasa walimu wao wa jikoni wanawaletea visu vyote vya shule.

Kuna matoleo mawili: la chuma cha kaboni na la stenlesi. Wajuzi watakuambia kaboni ndiyo kisu cha mwanamume, inashika makali, inanoleka upesi. Sibishi kuhusu kunoleka. Lakini menya ndizi mbichi kwa kisu cha kaboni, uone utomvu unavyokigeuza cheusi kabla sufuria haijachemka. Kamulia ndimu kwenye samaki, harufu ya chuma inahamia kwenye kitoweo. Weusi ule haudhuru, wapo wanaoupenda. Kutu ndiyo shida. Kule Saadani, kisu cha kaboni kikilala nje bila kupakwa mafuta, asubuhi kina madoa ya rangi ya chungwa. Chuma cha stenlesi wanachotumia Mora, kinachojulikana kama 12C27, kina kromiamu karibu asilimia 13.5, na hiyo ndiyo inayokizuia kutu. Hakizuii milele. Ukishapaa samaki wa baharini kisuuze kwa maji baridi ya kunywa, kifute, na ala uisuuze pia. Ina tundu chini la kutolea maji. Kwa mtu wa Morogoro, au wa Tanga na pwani yoyote, mimi nasema stenlesi bila kusita. Mtu wa Dodoma au Singida anaweza kuchukua kaboni akafurahi.

Mpini ni plastiki ngumu iliyovikwa raba. Si mzuri. Hakuna atakayekusifia kisu chako. Lakini nina mikono midogo, na mikono hiyo mara nyingi imejaa mafuta ya kuku, na mpini huu haujawahi kunizunguka kiganjani. Mbele una kizuizi kidogo cha kidole, ambacho kwa kazi ya samaki nakihesabu kuwa ni nusu ya bei ya kisu.

Mapungufu yapo. Msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, haufiki mwisho, unaishia njiani. Kwa kukata na kuchonga hilo halina maana yoyote. Kwa kupasua kuni za kiasi nilichoeleza, linatosha. Ila kikibanwa na fundo, usikitikise huku na huku kama unang'oa msumari. Kigonge kutoka upande wa pili, au ita panga. Pili, mgongo wa ubapa haukukatwa kwa pembe kali, kwa hiyo ile fimbo ya chuma ya kutolea cheche haitakubali vizuri mpaka upitishe tupa kidogo mgongoni. Mimi natembea na viberiti viwili kwenye chupa yenye mfuniko, sijaona sababu ya kuhangaika. Tatu, ala inashika mkanda kwa klipu. Nimeipitishia kamba nikaifunga, yakaisha.

Wapo watakaouliza kuhusu Garberg, kaka yake mkubwa. Ule msuka wake unafika mwisho wa mpini, ubapa una milimita 3.2, na mgongo umekatwa kwa pembe ya cheche. Mgeni mmoja alinipa nikitumie safari nzima. Ni kisu kizuri sana, na bei yake inatosha Companion nne na nauli ikabaki. Lakini kufika kwenye kukata nyanya, nilimrudishia mwenyewe. Kuna pia Companion nene, ya Heavy Duty, nayo ni milimita 3.2. Kama panga unalo, hiyo huihitaji.

Sasa kuhusu visu vyenye dira. Chukua tupa kuukuu, ipitishe pembeni kwenye makali. Tupa ikiteleza, chuma kimekomaa. Ikiuma kwa urahisi na kutoa unga, hicho ni bati la kupigia picha. Vile nilivyovijaribu vyote viliumwa. Na ule uwazi ndani ya mpini maana yake ni kwamba msuka hakuna: ubapa umeshikiliwa kwa nati shingoni. Kijana mmoja alikigonga kwenye ukuni wa mkaratusi, mpini ukabaki mkononi mwake na ubapa ukabaki kwenye ukuni. Tulicheka, lakini nilihesabu vidole vyake kwanza.

Kama huna ndugu Ulaya wa kukuletea, usikate tamaa, nenda kwa mhunzi. Wa kwangu anafua visu kwa springi za magari, chuma ambacho ukikipata kwa mtu anayejua moto hakina mchezo. Tatizo ni kwamba kila mhunzi amezoea kufua kisu cha kuchinjia ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Cha buchani au cha jikoni?"

"Cha porini. Nataka chembamba, milimita tatu, msuka ufike mwisho wa mpini."

"Chembamba kitapinda."

"Kikipinda nitakirudisha kwako."

Akacheka, akakifua. Nilikaa kumtazama. Alikipasha mpaka kikawa chekundu cha kuelekea rangi ya chungwa, akakizamisha kwenye oili chafu ya gari, moshi ukajaa banda. Halafu akakisugua kidogo king'ae, akakirudisha juu ya makaa, mbali na moto mkali, akakodolea macho ubapa mpaka rangi ikageuka ya majani makavu. Hapohapo akakitoa. Hatua hiyo ya pili ndiyo ya kuuliza. Mhunzi asiyeifanya atakupa kisu kinachovunjika kikianguka kwenye sakafu. Nililipa 15,000 pamoja na mpini wa mninga wenye ripiti tatu. Kwa kupasua kuni kinaishinda Companion waziwazi. Kwenye kumenya na kuchonga kinashindwa, na kutu kinaipenda, kwa hiyo kinalala kimepakwa mafuta ya alizeti. Ala sikupewa. Nilimpelekea fundi viatu akashona ya ngozi, na gharama ya ala ikakaribia ya kisu. Usinunue kisu cha kambini kisicho na ala ya kukishika kikigeuzwa juu chini. Porini watu wanaanguka, na ala ikiachia, kisu kinatafuta nyama ya karibu.

Bei ya Companion huko kwao na Marekani huwa kati ya dola 15 na 25. Hapa nyumbani ukiiona dukani kwa bei ya mara tatu, jadiliana au ondoka. Mimi nililetewa na mtoto wa dada yangu. Kama nawe utaagiza, msisitizie aliyeko huko mambo mawili: akiweke kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, asikitie kwenye mkoba wa mkononi, maana kitabaki kwa wakaguzi, na asome maandishi ya kwenye pakiti kabla ya kulipa, kwa sababu cha kaboni na cha stenlesi vikiwa ndani ya ala huwezi kuvitofautisha.