Caprarola: nilipanda kilima kuitafuta pwani yetu ukutani

Siku ya mwisho Roma dada alitaka turudi Vatikani. Nikamwambia ile foleni ya jana imenitosha. Tukapanda basi hadi Caprarola, kijiji cha vilima vya Cimini, kama kilomita 60 kaskazini.

Basi linakushusha chini, kasri tulilolifuata, Palazzo Farnese, liko juu kabisa. Karne ya 16, msanifu majengo Vignola alipokuwa akimjengea Kardinali Alessandro Farnese, barabara ilipasuliwa katikati ya nyumba za watu, imenyooka kama rula, ili kasri lionekane tangu mbali. Linaonekana kweli, ila halifikiki! Magoti yangu yaligoma mara tatu, mara ya tatu nikasingizia kununua nocciole, zile kokwa zinazolimwa sana huko.

Palazzo Farnese lina pembe tano kwa sababu lilianzishwa kama ngome, lakini ukiingia unakuta ua wa mviringo. Halafu ngazi. Zinapanda kwa kuzunguka, zimeshikwa na nguzo mbilimbili, na kuta zimechorwa hadi juu. Vidato ni vipana na vifupi. Husemwa kardinali alizipanda akiwa juu ya farasi. Baada ya ile barabara, nilimwelewa.

Vyumba ni vingi na vitupu, fanicha karibu hakuna, kwa hiyo anayetaka kuona vitanda vya wakubwa atachoka mapema. Familia ya Farnese imejichora kila mahali ikishinda vita na kukutana na wafalme. Vya hivyo nilivipita haraka.

Nilichofuata ni chumba cha ramani, kilichochorwa mwaka 1574. Ukuta mmoja una dunia nzima, nyingine zina mabara, na darini kuna nyota: samaki, simba, nge, wote wanaogelea kwenye buluu. Nilisimama mbele ya Afrika karibu nusu saa. Umbo lake unalitambua papo hapo. Nikashuka na macho kutoka Pembe ya Afrika kwenda kusini, nikitafuta jina lolote la kwetu, Mombasa, Kilwa, chochote. Herufi ndogo, ziko juu, na miwani nimeiacha Roma kwenye meza ya dada. Nikapiga picha kwa simu nikaikuza, ikatoka ukungu mtupu. Dada naye yuko dirishani anatazama bonde.

Bustani ya juu tuliikuta wazi. Unapita kwenye miti, kisha maji yanakushukia katikati ya pomboo wa mawe hadi chini. Ulizia unapokata tiketi kama imefunguliwa, na usiende Jumatatu, hufungwa.

Basi la kurudi lilituweka kituoni mpaka kokwa zikaisha. Nitarudi, safari hii na miwani, na darubini ndogo juu yake.